Gharama ya vita: maana yake, na nani hasa hulipa

Mwaka 2020, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, alifariki bibi mmoja wa miaka 90 ambaye kila mwezi serikali ilikuwa ikimlipa dola 73 na senti 13. Hazikuwa fedha za kustaafu kwake. Alilipwa kama mtoto wa askari, na vita alivyopigana baba yake ni vile vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyokwisha mwaka 1865. Baba alimpata binti huyo uzeeni sana, sheria ikamruhusu binti kuendelea kulipwa, na kwa hiyo miaka 155 baada ya vita kwisha Hazina ya Marekani ilikuwa bado inavilipia.

Tukisema "gharama ya vita", wengi huwaza fedha za kununua silaha na kulipa askari. Hayo ni matumizi ya vita, nayo ni sehemu tu ya habari. Gharama ya vita ni kila kitu ambacho watu wanakipoteza, wanakikosa au wanalazimika kukilipia kwa sababu vita vilitokea: maisha, viungo vya mwili, shamba lisilolimika tena, miaka ya shule iliyopotea, uchaguzi ulioahirishwa, bei ya mafuta kupanda katika nchi ambayo haikufyatua hata risasi moja. Matumizi utayakuta kwenye kitabu cha bajeti. Gharama ina tabia mbili mbaya zinazoifanya isionekane kwenye kitabu chochote: huchelewa kufika, na ikifika humwangukia mtu ambaye hakupigana.

Matumizi yenyewe yanajulikana vizuri. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, inayofuatilia bajeti za majeshi, ilikadiria kuwa mwaka 2024 dunia nzima ilitumia takriban dola trilioni 2.7 kwa ajili ya ulinzi. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitumiwa na nchi ambazo hazikuwa na vita kwenye ardhi yao.

Serikali hutoa wapi fedha za vita

Njia ni chache: kutoza kodi, kukopa, kuchapisha noti, au kupora. Serikali nyingi huzichanganya, na kila njia huacha alama yake.

Tuanze na kodi. Kodi ya mapato ilianza Uingereza mwaka 1799, Waziri Mkuu William Pitt alipokuwa akitafuta fedha za kupigana na Ufaransa. Ilikusudiwa kuwa ya muda. Ikafutwa mwaka 1802 amani ilipopatikana, ikarudi 1803 vita vilipowaka upya, ikafutwa tena 1816 baada ya Napoleon kushindwa. Ikarudi 1842, safari hii bila vita vya kuisingizia, na mpaka leo haijaondoka. Hata utaratibu wa kukatwa kodi kabla mshahara haujakufikia mkononi ulienea kwa njia hiyohiyo: Marekani iliuanzisha mwaka 1943 na Uingereza 1944, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu serikali hazikuweza tena kusubiri mwisho wa mwaka ili mlipakodi alete hesabu zake. Vita vikaisha, makato yakabaki. Safu ile ya makato kwenye hati ya mshahara ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Kukopa ni kumwachia mtoto alipe. Uingereza ilimaliza kuilipa Marekani mkopo wa mwaka 1946, wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwishoni mwa Desemba 2006. Hati fungani zake (karatasi za kuikopesha serikali) za Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuja kuzikomboa mwaka 2015, miaka 97 baada ya vita hivyo. Ujerumani nayo ililipa sehemu ya mwisho ya madeni yaliyotokana na fidia ya vita hivyohivyo tarehe 3 Oktoba 2010. Askari waliopigana Vita vya Kwanza walikuwa wameshakufa wote, au karibu wote.

Kuchapisha noti ndiko kubaya kuliko kote, kwa sababu kodi hii haipitishwi na bunge lolote. Mwaka 1914 dola moja ilibadilishwa kwa marki 4.2 za Ujerumani. Novemba 1923 ilibadilishwa kwa marki trilioni 4.2. Hapo katikati kulikuwa na vita vilivyoendeshwa kwa mikopo, fidia iliyodaiwa na washindi, na majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji kuukalia mkoa wa viwanda wa Ruhr, huku serikali ikiendelea kuchapisha fedha za kulipa wafanyakazi waliogoma. Hebu mfikirie mtu aliyeitikia wito wa taifa mwaka 1915, akachukua akiba yake yote na kununua hati fungani za vita. Serikali haikulikana deni, na idadi ya marki iliyoandikwa kwenye karatasi ilibaki kamili. Ila kufikia mwishoni mwa 1923 marki hizo zote hazikutosha kununua mkate. Aliyekuwa na deni alipona na aliyekuwa na akiba aliangamia. Hasira ya kundi hilo la pili haikuishia kwenye uchumi.

Kupora hakuhitaji maelezo marefu. Ujerumani ya Hitler iliendesha sehemu ya vita vyake kwa chakula, dhahabu na nguvu za watu wa nchi ilizozikalia.

Ipo njia ya tano ambayo vitabu vya fedha havina safu yake, nayo ni wananchi kufunga mkanda. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wavumilie miezi 18 ya shida. Miezi 18 ikapita na shida ikabaki. Ni kweli kwamba vita havikuwa sababu pekee: mafuta yalipanda bei duniani mwaka 1979, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika miaka miwili kabla. Lakini ndivyo gharama ya vita inavyofanya kazi: hujichanganya na matatizo mengine mpaka huwezi kuitenga.

Je, vita hukuza uchumi?

Dai hili hurudi kila mara, na mfano wake ni uleule. Mwaka 1940 Wamarekani 14 na zaidi katika kila 100 waliokuwa wakitafuta kazi hawakuwa nayo. Kufikia 1944 kiwango hicho kilikuwa asilimia 1.2. Februari 1942 utengenezaji wa magari ya kiraia ulisimamishwa nchi nzima na viwanda vikahamia kwenye vifaru na ndege. Kiwanda cha Willow Run, huko Michigan, kilifika mahali pa kutoa ndege kubwa moja ya kudondosha mabomu kila saa. Kwa hiyo, wanasema watu, vita viliitajirisha Marekani.

Mimi naona mfano huu unathibitisha jambo jingine. Viwanda vilikuwa vimelala na watu hawana kazi. Serikali ikamwaga fedha nyingi, kazi zikarudi. Fedha hizohizo zingeweza kununua reli. La pili ni kwamba mabomu hayakuangukia Detroit. Iulize Poland habari za vita hivyohivyo: ilipoteza raia wake takriban milioni 6, na mji wa Warsaw ulibaki vifusi.

Halafu kuna mtego wa hesabu. Pato la taifa hujumlisha thamani ya kile kinachozalishwa, bila kuuliza kitaishia wapi. Trekta likitengenezwa huhesabiwa. Mwakani litalima na mavuno yatahesabiwa pia. Kombora la mzinga likitengenezwa nalo huhesabiwa, kisha linalipuka, na kinachofuata ni hasara ya mtu mwingine ambayo hakuna anayeiondoa kwenye hesabu. Ndiyo maana nchi iliyo vitani inaweza kuonyesha ukuaji mzuri kwenye karatasi. Uchumi wa Urusi ulikua kwa zaidi ya asilimia 3 mwaka 2023, viwanda vya silaha vikifanya kazi usiku na mchana. Oktoba 2024 benki kuu ya nchi hiyo ilipandisha riba hadi asilimia 21 ili kuuzuia mfumuko wa bei. Ukitaka kukopa ujenge nyumba au ufungue karakana kwa riba ya namna hiyo, ndipo utaiona gharama ambayo ile asilimia 3 iliificha.

Na kuna kombora ambalo halikulipuka. Kati ya 1964 na 1973 ndege za Marekani zilidondosha zaidi ya tani milioni 2 za mabomu juu ya Laos. Mengi yalikuwa ya vishada: bomu moja likifunguka angani humwaga vibomu vingi vidogo, kila kimoja kama mpira wa tenisi. Makadirio ni kwamba vilimwagwa vibomu milioni 270, na hadi asilimia 30 havikulipuka vilipofika chini. Mkulima wa leo anayelima bondeni huko hupiga jembe juu kwa juu, kwa tahadhari, na wapo wanaoliacha bonde kabisa ingawa lina rutuba. Ulaya nako wakulima wa kaskazini mwa Ufaransa na wa Ubelgiji bado hufukua makombora ya Vita vya Kwanza kila msimu wa kulima. Huyaweka kando ya barabara wakisubiri wategua mabomu wapite kuyachukua.

Bili inavyosafiri

Tunayo methali ya fahali wawili wanaopigana na nyasi zinazoumia. Kasoro yake ni moja: nyasi inazozitaja ni zile zilizo chini ya kwato. Vita vya sasa huumiza nyasi za mbali, na njia kuu ambayo maumivu hayo hupitia ni bahari.

Bima ya kawaida ya meli haihusishi vita. Mwenye meli anayetaka kupita eneo la hatari hulipia bima ya ziada kwa kila safari, na malipo hupigwa kwa asilimia ya thamani ya meli. Novemba 2023 wapiganaji wa Kihouthi wa Yemen walianza kushambulia na kuteka meli katika Bahari ya Shamu, wakisema wanafanya hivyo kwa sababu ya vita vya Gaza. Malipo ya bima, ambayo yalikuwa kipande kidogo tu cha asilimia moja, yalikaribia asilimia moja nzima mwanzoni mwa 2024. Piga hesabu: meli ya dola milioni 100 inadaiwa karibu dola milioni moja kwa kupita mara moja tu. Nahodha hajaguswa na kombora, shehena iko salama, lakini dola hizo lazima zitoke mahali, nazo hutoka kwenye bei ya kilichomo ndani ya makontena.

Makampuni mengi yalikataa kulipa na badala yake yakazunguka Afrika yote kwa kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Safari kati ya Asia na Ulaya ikarefuka kwa siku kumi hivi, na kila siku ina mafuta yake, mishahara yake na ucheleweshaji wake. Misri haikuwa upande wowote wa mapigano hayo, lakini mapato yake ya Mfereji wa Suez yalianguka kutoka zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2023 hadi takriban bilioni 4 mwaka 2024.

Mfereji huo umeshaona makubwa zaidi. Vita vya Juni 1967 kati ya Israeli na majirani zake vilipoanza, meli 14 za mizigo zilikuwa katikati ya safari, zikanasa kwenye Great Bitter Lake, ziwa ambalo mfereji huo hupitia. Mfereji ulifungwa kwa miaka minane. Mchanga wa jangwani ulizifunika meli hizo mpaka zikapewa jina la "Msafara wa Manjano". Mabaharia wake, waliotoka nchi hasimu za Mashariki na Magharibi, wakaunda chama chao na hata kuchora stempu zao wenyewe kwa kuua muda. Mfereji ulipofunguliwa Juni 1975, meli mbili tu, zote za Ujerumani Magharibi, ziliweza kurudi nyumbani kwa injini zake zenyewe.

Chakula na nishati husafirisha bili kwa kasi kuliko makontena. Vita vya Oktoba 1973 vilifuatiwa na vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu, na bei ya pipa ikaruka kutoka takriban dola 3 hadi karibu 12 ndani ya miezi michache. Nchi maskini zisizo na mafuta zilikopa ili ziendelee kuagiza, na madeni yao yakawaandama kwa miaka mingi. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi hizo mbili kwa pamoja zilikuwa zikiuza nje zaidi ya robo ya ngano yote inayouzwa kimataifa, na Ukraine peke yake karibu nusu ya mafuta ya alizeti. Mwezi uliofuata kipimo cha bei za vyakula cha FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kilifika juu kuliko wakati wowote katika takwimu zake zinazoanzia mwaka 1990.

Halafu kuna bidhaa ambazo hata huwazii. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya soda, au pakiti ya pipi. Wakati mwingine utakuta namba E414. Huo ni utomvu wa mti wa mgunga, unaozuia vilivyomo visijitenge, na nchi inayoutoa kwa wingi kuliko zote duniani ni Sudan. Viwanda vinauhitaji kiasi kwamba Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo mwaka 1997, utomvu huo ulipewa msamaha. Tangu Aprili 2023 nchi hiyo imo vitani, na lori la magunia ya utomvu halivuki maeneo ya mapigano bila kulipa kwa wenye bunduki walioko njiani.

Watu, na wanaowatawala

Mwishoni mwa 2024 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lilihesabu watu milioni 123 waliolazimika kuhama makwao kwa vita, mateso na ghasia. Wengi wao hawakuvuka mpaka wowote, na waliovuka wengi wameishia nchi jirani, ambayo mara nyingi nayo ni maskini. Picha ya wakimbizi wanaomiminika kwenye nchi tajiri ina ukweli mdogo kuliko inavyotangazwa.

Vita pia hupanga upya nani yuko na nani hayuko. Umoja wa Kisovieti ulipoteza takriban watu milioni 27 katika Vita vya Pili, na sensa yake ya mwaka 1959 iliwakuta wanawake wakiwazidi wanaume kwa zaidi ya milioni 20. Hao ni wanawake walioendesha mashamba na viwanda bila waume, na watoto waliokua bila baba. Kwingineko mwanya huohuo ulifungua milango: Uingereza iliwapa wanawake wa miaka 30 na zaidi haki ya kupiga kura mwaka 1918, kwa masharti ya mali, baada ya miaka minne ya kuwategemea viwandani. Kazi zenyewe wengi walinyang'anywa wanaume waliporudi.

Kwa watawala, vita ni kamari. Mwaka 1982 Argentina na Uingereza zilipigania visiwa vya Falklands kwa wiki kumi. Serikali ya kijeshi ya Argentina, iliyovianzisha kwa sehemu ili kutuliza hasira za nyumbani, ilianguka. Margaret Thatcher alishinda uchaguzi kwa kishindo mwaka uliofuata. Ureno ilipigana Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka maofisa wake wenyewe waliochoshwa na vita hivyo wakaipindua serikali Aprili 1974. Mwaka uliofuata Msumbiji na Angola zilikuwa huru. Mara chache vita hubadilisha utawala katika mji mkuu wa mkoloni kabla ya kuubadilisha katika koloni lenyewe.

Lakini kinachotokea mara nyingi zaidi ni cha kimyakimya: amri ya dharura inayosahauliwa kuondolewa. Eritrea ilitunga sheria mwaka 1995 ya utumishi wa taifa wa miezi 18 (namba ileile tena). Vita na Ethiopia vikaja mwaka 1998, vikasimama 2000, mkataba wa amani ukatiwa saini 2018. Waliochukuliwa wameendelea kutumikia bila kikomo. Katiba iliyoridhiwa mwaka 1997 haijaanza kutumika, wala uchaguzi wa kitaifa haujafanyika tangu uhuru wa mwaka 1993.

Wanaopokea

Kama wapo wanaolipa, wapo wanaopokea, na hapo ndipo linapoingia neno "uchumi wa vita" katika maana yake ya pili. Ya kwanza ni ile ya Willow Run: taifa kuelekeza viwanda vyake vitani. Ya pili ni biashara zinazoishi kwa sababu vita vipo, na zingekufa kwa amani. Angola ni mfano mzuri wa jinsi vita vinavyojilisha. Serikali ya MPLA ilikuwa na mafuta ya baharini, waasi wa UNITA walikuwa na almasi za bara. Katika miaka ya 1980 ilifika mahali askari wa Cuba wakawa wanalinda mitambo ya mafuta ya kampuni ya Kimarekani huko Cabinda, wakati Marekani hiyohiyo ikiwapa silaha UNITA. Vita vilikwisha mwaka 2002 baada ya kiongozi wa waasi, Jonas Savimbi, kuuawa. Mashariki mwa Kongo, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2024 kuwa waasi wa M23, baada ya kuteka machimbo ya madini ya koltani ya Rubaya, walikuwa wakikusanya karibu dola 800,000 kwa mwezi kwa kutoza ushuru tu. Anayekusanya kiasi hicho ana sababu nyingi za kuchelewa kufika kwenye meza ya mazungumzo.

Je, aliyeanzisha vita anaweza kulazimishwa kulipa? Iraq ililazimishwa. Iliivamia Kuwait Agosti 1990, ikafukuzwa, na Umoja wa Mataifa ukaunda tume ya kupokea madai ya waathirika. Fedha zilikatwa kwenye mauzo ya mafuta ya Iraq, mwanzoni kwa kiwango cha hadi asilimia 30. Saddam Hussein aliondolewa mwaka 2003 na kunyongwa 2006. Makato yakaendelea, kwa asilimia ndogo zaidi. Mwaka 2014 yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, kwa sababu kundi la Dola la Kiislamu lilikuwa limeuteka mji wa Mosul na Iraq ilihitaji fedha kwa ajili ya vita vingine. Malipo ya mwisho yalitoka Januari 2022 na kufanya jumla ya dola bilioni 52.4. Kufikia siku hiyo Wairaqi wengi walikuwa wamezaliwa baada ya uvamizi wenyewe.